Volkano zinazolipuka siku hizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mwanafunzi akimaliza shule haachi kuuliza, anahamia WhatsApp tu. Mlima ukifuka moshi popote duniani, simu yangu huanza kuita. Mmoja yuko Muscat, mwingine Goma, mwingine yuko Moshi na ana wasiwasi na Kilimanjaro. Maswali yanafanana sana, kwa hiyo nimeyaweka pamoja hapa. Habari zimefikia mwisho wa mwaka 2025. Kama una swali moja tu, ruka hadi lilipo.

Mwalimu, mbona siku hizi volkano zinalipuka kila mahali? Zimeongezeka?

Hazijaongezeka. Chagua siku yoyote, utakuta volkano kati ya 40 na 50 ziko katika mlipuko unaoendelea. Nyingine ziko hivyo miaka nenda miaka rudi, kama Stromboli ya Italia. Hesabu hiyo hutunzwa na Taasisi ya Smithsonian ya Marekani.

Kilichoongezeka ni kamera. Zamani mlima ukilipuka katika kisiwa cha Flores, Indonesia, habari ingetufikia siku ya tatu, mistari minne kwenye ukurasa wa habari za nje. Sasa Lewotobi Laki-laki ikilipuka, kama ilivyofanya Novemba 2024 ikaua watu wasiopungua 9, na tena Julai 2025 iliporusha majivu kilomita 18 juu, mvuvi anarusha video kabla majivu hayajatua. Jambo la pili ni kwamba sisi wenyewe tumeisogelea milima. Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo, mwaka 1977 ilikuwa mji mdogo. Goma ya leo ina watu zaidi ya milioni moja, na mlima haujahama.

Kuna inayotiririka taratibu na watu wanapiga picha, na kuna inayoua kijiji kizima. Tofauti ni nini?

Fikiria jikoni. Uji mwepesi ukichemka, mapovu yanapanda na kupasuka bila fujo. Ugali ukichemka, hewa inanaswa chini ya unga mzito, halafu unaruka na kukuunguza mkono. Ndani ya mlima ni vivyo hivyo. Mwamba ulioyeyuka ukiwa mwepesi, gesi inatoka kirahisi na lava inatiririka: ndiyo Hawaii, ndiyo Iceland, ndiyo Nyiragongo. Ukiwa mzito, gesi inabanwa mpaka mlima unapasuka na mwamba unasagika kuwa majivu. Indonesia na Ufilipino wanayo mengi ya namna hiyo.

Mfano wangu una kasoro moja. Maji yakiingia, hata ule mwepesi unalipuka vibaya.

Ile ya Ethiopia ilikuwaje? Ni kweli ililala miaka 12,000?

Hayli Gubbi iko Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, jirani ya Erta Ale ambayo watalii wengi wanaijua. Ni mlima mfupi, wa mita 500 na kidogo juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya joto na chumvi ambako wafugaji wa Kiafar wanahama na ngamia na mbuzi wao. Tarehe 23 Novemba 2025, Jumapili, ulilipuka na kurusha majivu kilomita 14 hivi angani. Kijiji cha Afdera kilifunikwa na vumbi. Hakuna kifo kilichoripotiwa, lakini malisho yaligeuka kijivu, na mfugaji ambaye mifugo yake haina nyasi hawezi kukuambia kwamba hakuna madhara.

Sasa hiyo miaka 12,000. Magazeti yaliandika kwamba mlima haukuwa umelipuka tangu wakati huo. Ninavyoelewa mimi, hakuna mlipuko wake uliowahi kuandikwa, na hilo si jambo moja na kusema haukulipuka. Ni eneo ambalo wachunguzi wachache wamefika, na wenyeji hawakuwa wakiandikia jarida la kisayansi. Kwa hiyo ukisema “mara ya kwanza kwa kumbukumbu zilizopo” utakuwa salama.

Dalili zilikuwapo kidogo. Julai 2025 Erta Ale ililipuka, na setilaiti zikaonyesha kwamba mwamba ulioyeyuka umejipenyeza chini ya ardhi kuelekea kusini mashariki, upande ule wa Hayli Gubbi. Afar ni mahali ambapo Afrika inapasuka: ufa wa Bahari ya Shamu, wa Ghuba ya Aden na Bonde la Ufa letu zinakutana huko. Miezi michache kabla, mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025, mfululizo wa matetemeko kuzunguka Fentale na Dofen, kusini zaidi, uliwahamisha makumi ya maelfu ya watu. Hayli Gubbi haikutoka hewani.

Majivu ya Ethiopia yalifikaje Oman na India?

Kwa upepo wa juu. Kwenye kimo cha kilomita 10 na zaidi kuna mikondo ya hewa inayokimbia kuelekea mashariki, ile ile inayofanya safari ya ndege kwenda Asia iwe fupi kuliko ya kurudi. Wingu lilivuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman, likagusa kusini mwa Pakistani, na usiku wa siku ya pili lilikuwa juu ya Delhi. Mashirika ya ndege ya India yalifuta safari kadhaa.

Kwa mtu aliye chini, Muscat au Salalah, wingu la aina hiyo linapita kichwani mbali sana. Mwanafunzi wangu wa Muscat aliniuliza kama afunge madirisha. Nikamwambia ayafunge kwa sababu ya vumbi lao la kawaida, maana hilo la Afar liko juu kabisa, huko zinakopita ndege.

Ni majivu tu. Kwa nini ndege zizuiwe?

Neno “majivu” linatudanganya. Tukilisikia tunawaza jiko la mkaa, kitu laini unachoweza kupuliza. Nina kichupa cha dawa chenye majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, niliyopewa na mwenyeji wangu wa kijiji cha Engaresero. Darasani huwa namimina kidogo juu ya kipande cha kioo, namwita mwanafunzi asugue kwa kidole. Kioo kinalia, kinabaki na mikwaruzo. Ni mawe yaliyosagwa na vipande vya kioo, havina hata kimoja kilichotokana na kuungua.

Katika injini ya ndege hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani mna joto la kuyeyusha vile vioo. Vinayeyuka, vinasogea nyuma penye ubaridi kidogo, vinaganda kwenye mapanga na kuziba njia ya hewa. Mwaka 1982 ndege ya Boeing 747 iliyokuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Perth iliingia usiku katika wingu la Galunggung, Indonesia. Injini zote nne zilizimika. Ikashuka kama tiara iliyokatika uzi, mpaka ilipotoka kwenye wingu injini zikakubali kuwaka tena, ikatua Jakarta kwa vioo vya mbele vilivyokwaruzwa hata rubani haoni vizuri.

Tangu hapo dunia imegawanywa kwa vituo 9 vya kutoa tahadhari ya majivu kwa marubani. Sehemu kubwa ya Afrika iko chini ya kituo cha Toulouse, Ufaransa. Aprili 2010, Eyjafjallajökull ya Iceland ilipolipuka, safari zipatazo 100,000 zilifutwa Ulaya katika siku chache. Muulize mkulima wa maua wa Naivasha kuhusu wiki hiyo. Mawaridi yalivunwa, yakafungwa, yakakaa kwenye vyumba vya baridi yakisubiri ndege, mwishowe yakatupwa. Mlima uko kaskazini ya mbali, hasara iko kando ya ziwa Naivasha.

Tuambie kuhusu Nyiragongo. Je, Goma iko salama?

Nisidanganye mtu: Goma haiwezi kuitwa salama, inaweza tu kuwa macho. Mlima una kimo cha karibu mita 3,470 na uko chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Umetoa lava kuelekea kwa watu mara tatu katika kumbukumbu za karibuni.

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava lililokuwa juu mlimani lilipasua kuta na kumwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko karibu zote duniani, na siku ile ilishuka mteremkoni kwa kasi ya gari, hata kilomita 60 kwa saa. Ukiambiwa kwamba lava unaweza kuikimbia kwa miguu, uliza kwanza ni ya wapi.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Ukitembea Goma leo utaona kuta na barabara za mawe meusi. Ni lava ile ile: watu waliivunja kwa nyundo wakajengea.

Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ilikuja tena. Ilisimama ukingoni mwa mji, jirani na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 32 walikufa, na si wote waliounguzwa: baadhi walivuta gesi walipojaribu kuvuka juu ya lava iliyoonekana kama imepoa. Siku tano baadaye, kwa hofu kwamba mwamba ulioyeyuka umefika chini ya mji na chini ya ziwa, serikali iliamuru mitaa 10 ihame. Takribani watu 400,000 walitoka, wengine Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Mlipuko wa pili haukuja.

Kazi ya kuuangalia mlima ni ya Kituo cha Volkano cha Goma, OVG. Kinafanya kazi hiyo katika mkoa ambao vita haijauacha, na mitambo ya kupimia mitetemo iliyo porini inahitaji betri, mtandao na mtu wa kuifikia.

Mazuku ni nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu hapa sayansi imekuja kuazima kwetu. Fungua utafiti wowote wa kimataifa kuhusu gesi za eneo la Goma, uwe wa Kiingereza au Kifaransa, utakuta neno mazuku limeandikwa hivyo hivyo. Ni neno la Kiswahili cha huko, watu hulieleza kuwa upepo mbaya, upepo wa kishetani. Sikio la mtu wa pwani linasikia “mzuka” humo, na nadhani halikosei sana kwa maana.

Kitu chenyewe ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Inatambaa na kutuama kwenye mashimo na mabonde ya mawe ya lava, hasa magharibi mwa Goma kando ya Ziwa Kivu kuelekea Sake. Haina rangi wala harufu. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, shimo linajaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika.

Sasa ona ukatili wake. Mtu mzima anasimama ukingoni mwa bonde akiwa mzima kabisa, kichwa chake kiko juu ya gesi. Mbuzi aliye mbele yake anaanguka. Mtoto anamkimbilia mbuzi, anainama kumnyanyua, naye hainuki. Mtu mzima anashuka kumwokoa mtoto, na sasa kichwa chake nacho kimezama. Wengi wamekufa kwa mpangilio huo huo, mmoja baada ya mwingine.

Wenyeji wana alama zao: nyasi zilizokauka mahali pamoja tu, wadudu na ndege waliokufa bila jeraha, kibiriti kinachozimika kila kinaposhushwa. Mtu akianguka ndani ya bonde la namna hiyo usishuke. Mtupie kamba, mvute kwa fimbo, ita watu. Na usilale chini mahali ambapo wenyeji hawalali. Vita vilipowasukuma maelfu ya wakimbizi wa ndani kwenye kambi za Bulengo na Lac Vert, walitandika mikeka juu ya ardhi ya mazuku. Sikusikia hilo likitajwa sana katika habari za vita.

Ziwa Kivu linaweza kulipuka?

Chini ya ziwa kuna gesi nyingi iliyoyeyuka kwenye maji: kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikibanwa na uzito wa maji ya juu. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa gesi yake usiku na kuua watu zaidi ya 1,700. Ndiyo sababu 2021 watu waliogopa lava iliyo chini ya ziwa kuliko iliyo juu ya mlima.

Lakini maji ya chini ya Kivu ni mazito kwa chumvi na gesi, yametulia kwa tabaka, na gesi haijafikia kiwango cha kutoka yenyewe. Lingehitajika tukio kubwa sana kuyapindua. Rwanda nayo inavuta methani hiyo kwa mabomba na kuifanya umeme, kituo cha KivuWatt kule Karongi kikitoa megawati 26 hivi.

Kinachoua zaidi ni nini, lava?

Lava inaua nyumba. Watu wanauawa zaidi na wingu la moto, yaani gesi, majivu na mawe yanayoporomoka pamoja mlimani kwa kasi isiyokimbilika na joto la mamia ya nyuzi. Fuego ya Guatemala, tarehe 3 Juni 2018, iliua mamia namna hiyo. Wengine walikuwa darajani wakirekodi kwa simu wingu linalowajia.

Halafu kuna tope. Majivu na maji ya mvua au ya theluji iliyoyeyuka vinashuka mtoni kama zege. Mwaka 1985 mji wa Armero, Kolombia, ulifunikwa usiku mmoja na watu wapatao 23,000 wakafa. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo.

Kundi la tatu ni waliokwenda wenyewe. Whakaari, New Zealand, Desemba 2019: watu 47 kisiwani, 22 walikufa. Marapi ya Sumatra, Desemba 2023: wapandaji zaidi ya 20. (Marapi ya Sumatra usiichanganye na Merapi ya Java, jirani zake wenyewe wamechoka kusahihisha.)

Wanasayansi hawawezi kutabiri?

Inategemea mlima. Iceland wanaona ardhi ikivimba wiki nzima, kisha matetemeko madogo yanaanza, watu wanatumiwa ujumbe wa simu na kuondoka. Pinatubo ya Ufilipino, Juni 1991, makumi ya maelfu walihamishwa kabla ya mlipuko mkubwa. Nyiragongo 2021 dalili za wazi zilianza dakika 40 hivi kabla. Ziwa la lava lilikuwa wazi juu, kwa hiyo mlima haukuhitaji kuvimba wala kutetemeka. Ulipasuka ubavuni tu.

Ukisikia mtu ametaja tarehe na saa ya mlipuko wa mwezi ujao, huyo hana mitambo, ana wafuasi.

Kilimanjaro utalipuka?

Umelala. Kibo haijafanya mlipuko mkubwa kwa zaidi ya miaka 150,000, ingawa juu kabisa, kwenye kasoko ya ndani, bado kuna matundu yanayotoa mvuke na harufu ya salfa. Jirani yake Meru ulitoa majivu kidogo mwaka 1910, kwa hiyo mtu wa Arusha ana sababu ya kuuliza kuliko mtu wa Moshi.

Basi ni upi wa kuangaliwa Tanzania?

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, kusini mwa Ziwa Natron. Hauna mwenzake duniani: ndio pekee ulio hai unaotoa lava ya kaboneti, yenye magadi ndani yake. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava ya kawaida. Mchana inaonekana kama tope jeusi au mafuta machafu ya injini, usiku ina wekundu hafifu. Ikipata unyevu inageuka nyeupe, na kutoka mbali wageni hudhani ni theluji.

Julai 2007 nilikuwa Nairobi, ghorofa ya sita katikati ya jiji, nikisahihisha karatasi. Chai ikaanza kuchora duara kikombeni. Nikadhani ni lori. Kisha taa zikayumba, na ngazi zikajaa watu, wengine viatu mkononi. Kitovu kilikuwa Gelai, karibu na Lengai, kipimo cha 5.9 kwa tetemeko kubwa zaidi, na yalikuja mfululizo kwa siku kadhaa. Septemba mlima ukaacha upole wake, ukarusha majivu hadi mwaka uliofuata. Wafugaji wa jirani wakahamisha ng'ombe.

Na Kenya?

Menengai, Longonot na Suswa hazijafa, zimetulia. Kwenye Tsavo Magharibi kuna uwanda wa lava nyeusi ya karne ya 19 unaoitwa Shetani, jina walilolitoa waliouona ukiwaka. Kwa sasa moto huo unawafanyia kazi Wakenya: jotoardhi, kubwa lake likiwa la Olkaria, linatoa asilimia 40 hivi ya umeme wa nchi.

Ndugu zetu wa Komoro je?

Karthala, kule Ngazidja, ililipuka Aprili na Novemba 2005. Majivu yaliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, na kisiwa kile hakina mito, watu wanakunywa kilichodondoka kwenye paa. Hilo ndilo lililowaumiza.

Mayotte kisa ni cha ajabu zaidi. Mei 2018 kisiwa kilianza kutetemeka mchana na usiku, watu wakalala nje, na hapakuwa na mlima wowote wa kulaumu. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta volkano mpya kabisa chini ya bahari, kilomita 50 mashariki, imepanda mita 800 na zaidi kutoka sakafuni. Imeitwa Fani Maoré. Kisiwa chenyewe kilizama zaidi ya sentimita 10.

Kwa nini Iceland inarudia rudia?

Rasi ya Reykjanes ilitulia miaka 800 hivi, ikaamka Machi 2021. Mji wa wavuvi wa Grindavík, watu 3,800, ulihamishwa usiku wa tarehe 10 Novemba 2023. Tangu Desemba ule hadi Agosti 2025 ufa wa Sundhnúkur ulifunguka mara 9. Ni kama tangi: chini ya eneo la Svartsengi, jirani na Grindavík, linajaa taratibu, likifika kipimo linamwagika kupitia ufa, linaanza kujaa upya. Wamejenga kuta za udongo kuielekeza lava kando.

Na Kīlauea ya Hawaii?

Tangu tarehe 23 Desemba 2024 imekuwa ikirusha lava kama chemchemi, inapumzika siku au wiki, inarudi. Katika mwaka mmoja ilifanya hivyo zaidi ya mara 35, mara nyingine kupita mita 300 juu. Mwanzoni mwa Desemba 2025 iliizika kamera iliyokuwa ikiionyesha moja kwa moja. Watazamaji waliona kifusi kikija, kisha giza.

Tetemeko la Kamchatka, Urusi, liliamsha volkano?

Tetemeko la 8.8 lilipiga mwishoni mwa Julai 2025. Siku chache baadaye Krasheninnikov ikalipuka kwa mara ya kwanza katika karne kadhaa. Huenda lilitikisa kilichokuwa tayari kimeiva. Tetemeko haliwezi kulipua mlima ambao hauna kitu ndani.

Milipuko hii inabadilisha hali ya hewa?

Ni michache sana inayofanya hivyo. Pinatubo ilirusha salfa nyingi juu kabisa, ikapoza dunia kwa nusu nyuzi hivi kwa mwaka mmoja au miwili. Hunga Tonga, Januari 2022, ilikuwa kinyume: wingu lilipanda kilomita 57, likapeleka juu mvuke wa maji tani milioni 150 hivi, na mgandamizo wa hewa ukaizunguka dunia zaidi ya mara moja, ukapita na kwetu bila sisi kujua. Hewa ya ukaa ya volkano zote kwa mwaka haifiki asilimia 1 ya ile tunayotoa wanadamu. Mvua ya vuli ikichelewa usimsingizie Hayli Gubbi.

Majivu yakianguka kwetu, tufanye nini?

Kabla ya yote, ondoa bomba la maji ya mvua kwenye tangi na ufunike kila chombo. Ingieni ndani, funga madirisha, weka kitambaa chenye maji chini ya mlango. Barakoa ni bora, ukikosa khanga mbichi iliyokunjwa inasaidia. Usisugue macho. Gari usiwashe waipa kioo kikiwa kikavu, itakwaruza. Paa la bati lisafishwe mapema kabla ya mvua, maana majivu yaliyolowa ni mazito kama saruji na mapaa huanguka. Anayepanda afungwe kamba, watu wengi huumia kwa kuteleza. Mifugo ipewe majani yaliyooshwa.

Nitajuaje kama video niliyotumiwa ni ya kweli?

Tazama vitu vya pembeni, moto wenyewe hautakwambia kitu: bango la duka, namba za gari, miti, paa za nyumba. Anga jekundu la Goma la Mei 2021 linazunguka kila mwaka kama jipya. Juzi mtu alinitumia “Lengai inawaka”, lava nyekundu ikishuka mchana kweupe katikati ya nyumba nyeupe zenye vigae. Nikamjibu kwamba lava ya Lengai haiwi nyekundu hivyo mchana, na kule hakuna nyumba za vigae. Hiyo ni La Palma, kisiwa cha Uhispania, mwaka 2021. Akakataa. Akasema ni Arusha, kwani mimi sioni migomba? Ikabidi nimweleze kwamba La Palma nao wanalima ndizi.